Furaha yangu yapanda na kushuka na kazi za kanisa, nifanyeje?

Dada mmoja wa Muyeye, hapa hapa Malindi, ameniandikia meseji ndefu na ameniruhusu nimjibu mbele ya watu bila kumtaja jina. Naifupisha. Ameokoka miaka 11 sasa, ni kiongozi wa kwaya, ni katibu wa ushirika wa akina mama, kesha za Ijumaa hakosi, na kila Jumatano na Ijumaa anafunga. Mwezi wa kumi na mbili walikuwa na krusedi Gongoni, watu wakaja mbele kwa wingi, yeye mwenyewe akaomba na wanawake sita, akarudi nyumbani na furaha hata usingizi ukakataa. Wiki mbili baadaye mtoto akashikwa na homa, mfungo ukakatika, akakosana na mumewe juu ya pesa za dawa, na Jumapili aliposimama kuimba akaona ndani pakavu kabisa. Halafu kuna dada mwingine hapo kwenye kwaya ameokoka mwaka jana tu, mazoezi anachelewa, Obadia hajui iko wapi kwenye Biblia, lakini akiimba uso wote wang'aa. Anamalizia hivi: "Mwalimu nisikufiche, namwonea wivu mpaka kichwa chaniuma. Mimi nimetumika miaka yote hii, yeye amefanya nini? Furaha yangu imeenda wapi, na nikifunga siku saba kavu itarudi? Ama niache uongozi kwanza?"

Dadangu, naanza na hilo la siku saba manake haliwezi kungoja. Usifunge. Siku saba bila maji ni kifo, mwili unaanza kulegea siku za kwanza tu, figo zinaumia, na jua lenyewe ndo hili la kaskazi, na wewe una mtoto ametoka kwa homa juzi anakuhitaji ukiwa mzima. Na sisi watu wa Malindi hili hatuhitaji mtu wa mbali aje atufundishe. Shakahola iko hapo nyuma yetu. Mwaka 2023 kwenye ule msitu ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto, ya watu walioambiwa wakifunga mpaka wafe watamwona Yesu. Sisemi wewe uko huko, hapana, na kufunga ni jambo jema, Yesu mwenyewe alifunga na akatufundisha tufunge vipi. Lakini ogopa sana lile wazo la kwamba Mungu ana kitu kizuri amekishikilia mkononi, na hakiachii mpaka aone mtoto wake ameteseka kiasi cha kutosha. Huyo siye Baba aliyetuonyesha Yesu. Wazo hilo likiingia kwa mtu huwa halisemi basi, leo ni siku saba, kesho utaambiwa ni 21, na furaha bado haijaja, na utadhani kosa ni lako hukufunga vizuri.

Sasa tuje kwa swali lenyewe, na naomba tukae kidogo kwenye Luka 10 kwa sababu hapo Yesu amelijibu swali lako karibu neno kwa neno.

Ametuma watu sabini, wawili wawili, hawana mfuko wala viatu, wamezunguka miji na vijiji na sasa wamerudi. Luka anasema wamerudi kwa furaha, na ripoti yao si ndogo: "Bwana, hata pepo wanatutii kwa jina lako." Hiyo ndo Gongoni yako. Na uangalie, Yesu hawakatizi, hawaambii mnajigamba, wala hasemi kazi yenyewe ni ndogo. Anakubali nao kabisa, anawaambia alimwona Shetani akianguka kutoka mbinguni kama umeme. Halafu ndo anasema neno ambalo mi nikilisoma kila mara lanisimamisha: "Lakini, msifurahi kwa vile pepo wanavyowatii, bali furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni."

Mbona awakataze? Kitu chenyewe ni cha kweli, ni chema, kimefanyika kwa jina lake na kwa kutumwa na yeye. Ukirudi sura moja tu nyuma, Luka 9, utaona baba mmoja amemleta mwanawe wa pekee kwa wanafunzi, pepo anamtupa chini mtoto na kumtoa povu, na wanafunzi wameshindwa, wameshindwa mbele ya umati mzima, baba anamlilia Yesu anamwambia niliwasihi wanafunzi wako wamtoe wasiweze. Sasa kama furaha yako imekaa kwenye pepo kutii, siku ya mtoto yule utakuwa na nini? Na wewe siku yako ya mtoto ilifika, tena kwa mtoto wako mwenyewe, ukakaa na kitambaa cha maji baridi usiku kucha na homa haishuki na maombi hayatoki mdomoni. Furaha ya Gongoni ilikuwa haina pa kusimama hapo.

Na kuna jambo lingine zito zaidi ambalo wahubiri twalipita haraka. Mathayo 10, Yesu anawapa wale kumi na wawili amri juu ya pepo wachafu, na majina yametajwa yote, la mwisho ni Yuda. Yuda alitumwa kama wenzake, akapewa amri ile ile, na hakuna Injili inayosema kwamba pepo walimkatalia. Ukijumlisha na Mathayo 7, wale watakaokuja siku ile na orodha, tulifanya unabii, tulitoa pepo, tulifanya miujiza mingi, wote kwa jina lako, nao wataambiwa "Sikuwajua ninyi kamwe", utaona kwamba kazi yaweza kupita kwa mkono wa mtu na bado isiseme lolote kuhusu mtu huyo na Mungu wake. Sikwambii haya nikutishe. Nakwambia kwa sababu umekuwa ukiiuliza kazi swali ambalo kazi haiwezi kulijibu. Waiuliza, je Mungu ananipenda? Ikienda vizuri yakwambia ndio, mtoto akiugua ratiba ikaharibika yakwambia hapana, na majibu yote mawili haikuwa na haki ya kuyatoa.

Jina kuandikwa ni kitu tofauti kabisa kwa sababu hukuliandika wewe. Liliandikwa na mwingine, mahali ambapo mkono wako haufiki, kwa damu isiyo yako. Wale wanawake sita wa Gongoni hawakuongeza herufi hata moja kwenye jina lako, na ule usiku wa homa, ulipokuwa umekasirika, hujaomba, hujafunga, umemwambia mumeo maneno ambayo wayajutia, halikufutika herufi. Ni jina lile lile usiku ule na usiku huu. Hapo ndipo Yesu anataka furaha yako ihamie, na ukiangalia mstari unaofuata utaona na yeye mwenyewe anafurahi, saa ile ile alishangilia kwa Roho Mtakatifu, anamshukuru Baba kwa kuwafunulia watoto wachanga mambo aliyowaficha wenye hekima na akili. Yaani kinachomfurahisha Yesu ni Baba kuwapa watu wasiokuwa na cha kuonyesha.

Na hapo tunakutana na yule dada wa kwaya.

Huo wivu usiukimbie, umekuja kukuonyesha kitu. Soma Mathayo 20 polepole, ile habari ya shamba la mizabibu. Hapa mjini tunawaona wale watu kila asubuhi, vijana wamekaa kando ya barabara na sepetu na karai wanangoja fundi aje na pikipiki aseme nataka wawili wa kuchanganya zege, na wenye misuli wanachukuliwa kwanza, na ukipita tena mchana utawaona waliobaki, yule mwenye umri, yule anayechechemea, wengine washalala chini ya mwembe. Mwenye shamba wa Yesu anatoka alfajiri, anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja jioni anatoka tena anawakuta watu wamesimama, anawauliza mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi, wanamwambia hakuna mtu aliyetuajiri. Anawachukua. Jua likizama kila mtu anapewa dinari, na anaanza kulipa kutoka mwisho, makusudi kabisa, ili wale wa alfajiri waone.

Wale wa alfajiri hawakupunjwa. Walipewa walichopatana, dinari kamili, mshahara wa halali wa siku nzima. Kama wangelipwa kwanza wangeenda nyumbani wakiimba. Dinari yao iliingia uchungu pale tu walipotazama mkono wa mwenzao. Na mwenye shamba anamjibu mmoja wao, anamwita rafiki, anamuuliza, "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Dadangu, nakuuliza swali hilo hilo kwa upendo. Ukisema "yeye amefanya nini", jibu ni kwamba hajafanya kitu, na wewe pia siku ile ulipookoka miaka 11 iliyopita ulikuwa hujafanya kitu, na ulifurahi vile vile anavyofurahi yeye, pengine na mazoezi ulichelewa. Yeye bado anaishangaa dinari yake. Wewe umeanza kuhesabu masaa.

Kaka mkubwa wa Luka 15 ndiye wa kumwogopa zaidi sisi tuliokaa sana kanisani. Alikuwa shambani kazini, hakuwa baa. Anarudi jioni anasikia ngoma na watu wanacheza, anakataa kuingia, na baba anatoka nje kumbembeleza kama alivyotoka nje kumpokea yule mdogo. Naye anamtolea baba hesabu yake, miaka yote hii nimekutumikia, amri yako sijakosa, na hata mwana-mbuzi hujanipa nifurahi na rafiki zangu. Sikiza baba: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Mbuzi walikuwa wake! Angechinja siku yoyote. Amekaa nyumbani kwao miaka yote akingoja malipo, kumbe hakuna aliyemwajiri, alikuwa mwana. Na Yesu hakutuambia kama aliingia kwenye karamu ama alibaki nje, hadithi inaisha baba bado yuko naye pale nje anamsihi, na waliokuwa wakisikiliza ni Mafarisayo na waandishi, watu wa kufunga mara mbili kwa juma, kwa hiyo ilikuwa ni wao wamalizie.

Kuna mtu wa historia nataka umjue kwa sababu ratiba yake yafanana sana na yako. John Wesley, ambaye Wamethodisti wametokana na kazi yake, na hapa Pwani kanisa lao lilianzia Ribe mwaka 1862. Huyu alikuwa kasisi wa Anglikana, msomi wa Oxford, na yeye na wenzake pale walikuwa wakifunga Jumatano na Ijumaa, wakitembelea wafungwa, wakigawa pesa zao kwa maskini, kila saa ya siku ina kazi yake. Mwaka 1735 akapanda meli akaenda Georgia, Marekani, kuwa mmishonari. Akarudi 1738 amevunjika, akaandika kwenye shajara yake kwamba alienda kuwageuza wengine na yeye mwenyewe hajawahi kugeuka. Halafu jioni ya 24 Mei 1738 akaenda kwenye kikao kidogo mtaa wa Aldersgate, London, tena alienda shingo upande, na mtu alikuwa anasoma utangulizi ambao Martin Luther, yule Mjerumani wa Matengenezo ya Kanisa, aliuandikia waraka wa Warumi, na kama saa tatu kasorobo usiku akahisi moyo wake umepata joto la ajabu, akaona anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, kwa wokovu wake.

Wahubiri wengi hukomea hapo, na ndo twawaumiza watu kama wewe. Kwa sababu Wesley aliendelea kuandika, na usiku ule ule haukupita sana kabla hajajiwa na wazo: hii haiwezi kuwa imani, manake furaha iko wapi? Umeona? Saa chache tu baada ya kuachana na matendo yake kama ngazi, adui tayari anataka ageuze furaha iwe ngazi mpya. Na alichofundishwa, anasema, ni kwamba amani na ushindi juu ya dhambi vyaenda pamoja na imani, lakini ile furaha ya kuruka, hasa ya mwanzoni, Mungu saa ingine huitoa na saa ingine huizuia, kwa mashauri ya mapenzi yake.

Hapa ndipo nataka unisikize kuliko pote. Ukisoma jibu hili halafu uanze kila asubuhi kujipima, leo nina furaha ya neema au sina, mbona ya dada yule ni kubwa kuliko yangu, hujatoka mahali. Ni mashindano yale yale na jina jipya. Furaha haiji kwa kuitazama furaha. Yaja ukiwa unamtazama Kristo na kile alichokifanya, na wakati mwingine yachelewa, na ikichelewa jina halijafutika. Kwa hiyo ukiamka pakavu, sema tu, Bwana leo pakavu, na mimi ni wako, kisha uende ukachemshe chai.

Ntakwambia habari ya mama mmoja mzee upande wa Msabaha. Alikuwa mwombaji anayejulikana, akina mama walikuwa wakitoka mbali kwenda kuombewa naye. Akapata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mdomo umeenda upande, kupiga magoti hawezi tena, na kufunga ndo marufuku kabisa manake ana sukari na dawa lazima ale. Analala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, na kila ukiingia kuna kikombe cha uji nusu kimefunikwa na sahani, na Biblia iko pale lakini macho hayaoni maandishi, yangoja mtu aje amsomee. Nilimsomea Zaburi ya 103, nilipofika pale pasemapo "hakututenda sawasawa na hatia zetu" akacheka. Kicheko cha nusu uso, mate yanatoka, binti yake akampangusa. Nikamuuliza siku hizi waomba vipi mama, akachukua muda kuyapanga maneno, akasema, "Namwambia asante. Halafu nalala." Nikamuuliza na furaha je, akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto, akasema, "Si niko naye?"

Mama yule kwenye ripoti ya ushirika haonekani. Hana krusedi, hana roho hata moja ya mwezi huu. Na mi nikitaka kujua kama mahubiri yangu ya neema ni ya kweli huwa najiuliza kama naweza kuyasema pale kando ya kitanda chake bila kuona aibu.

Najua swali linalofuata kwa sababu kila nikifundisha hivi kwenye darasa la ubatizo kuna mtu huinua mkono: basi tukae tu, tuache kufunga, tuache krusedi? Paulo aliulizwa hivyo hivyo na Warumi 6 ni jibu lake. Lakini mi napenda zaidi 1 Wakorintho 15:10, "kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo", na papo hapo anasema alizidi sana kufanya kazi kupita wao wote, wala si yeye bali ni neema ya Mungu pamoja naye. Wesley naye baada ya Aldersgate hakustaafu, alihubiri akizunguka juu ya farasi miaka na miaka mpaka alipokufa 1791 akiwa na umri wa miaka 87. Na kufurahia matunda si dhambi, Paulo anawaita Wafilipi furaha yangu na taji yangu. Wewe wafurahie wale wanawake sita, waombee, wapigie simu, ujue wanaendeleaje, manake pengine tangu Desemba hakuna aliyewatafuta. Ila wafurahie wao kwa sababu wamepata Mwokozi, si kwa sababu wewe umepata alama.

Na kazi yenyewe haipimiki vile twadhani. Mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann alifika Rabai mwaka 1846, hapo Rabai kwetu Kilifi, akakaa mpaka 1875 alipoondoka akiwa kipofu, na waliobatizwa katika miaka hiyo yote walikuwa wachache sana. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa karibu na kufa. Krusedi moja ya siku tatu leo yaweza kuandika majina mengi kuliko hayo, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema siku zetu tatu zimempendeza Mungu kuliko miaka ile.

Sasa mambo ya nyumbani. Ugomvi na mumeo, neema haisemi haukuwa kitu. Kama ulimtolea maneno mabaya mwombe msamaha yeye, leo jioni, kabla ya maombi yoyote marefu, na Mungu naye umwambie wazi, 1 Yohana 1:9 iko pale kwa ajili hiyo. Ukishatubu usiongeze mfungo wa kulipia, dhambi hiyo ilishalipiwa, na ukitaka kuilipa mara ya pili ni kama waona msalaba haukutosha. Daudi ambaye dhambi yake ilikuwa kubwa kuliko ya pesa za dawa aliomba tu, "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Aliiomba irudishwe kama kitu cha kupewa, na wokovu akauita wa Mungu.

Halafu pumzika, na hili nalisema kama agizo. Eliya alipotoka Karmeli, moto umeshuka, manabii 450 wa Baali wameaibika, huo ndo ushindi mkubwa wa maisha yake, na sura inayofuata amekaa chini ya mretemu anaomba afe, anasema "mimi si mwema kuliko baba zangu". Na yeye alikuwa akijilinganisha. Malaika hakumwambia afunge. Alimwambia "Inuka, ule", mkate ulioiva juu ya makaa na gudulia la maji, akala akalala, akaamshwa akaambiwa ale tena. Wewe umekesha krusedi, ukakesha na mtoto, ukakesha Ijumaa, na kati yake umefunga. Ukavu wako mwingine ni uchovu tu. Ukishakula na kulala vizuri wiki mbili tatu na bado usingizi hauji, chakula hakipiti, walia bila sababu ama yaja mawazo ya kwamba ni afadhali usingekuwepo, nenda hospitali umwone daktari umweleze hivyo hivyo, hiyo si ishara ya imani ndogo, ni ugonjwa na una matibabu.

Kuhusu uongozi, usiache kwa hasira ya wiki moja, manake ukiacha sasa utaacha kwa sababu ile ile uliyokuwa ukiushikilia, yaani kujipima. Ila omba upunguziwe. Kesha mbili za mwezi huu zikae bila wewe. Jumatano na Ijumaa hizi mbili zijazo kula na watoto wako. Na Jumapili moja usisimame na kwaya, kaa kwenye viti na mumeo uimbiwe, sikiliza maneno ya nyimbo unazowafundisha wenzako, ni muda hujayasikia ukiwa umekaa. Ukirudi kwenye mazoezi mtafute yule dada, usimfundishe kitu siku hiyo, hata Obadia, mwombe tu akusimulie aliokokaje. Mwenyekiti wa akina mama akiuliza mbona huonekani, mwambie mtoto alikuwa mgonjwa na umechoka, na daftari la katibu mpe mwenzako alishike mpaka mwisho wa mwezi.